Vidole Tisini na Vitatu

Ukifika Wiyoni, huko Lamu, ukauliza nyumba ya Bi Barka binti Idris utaonyeshwa upesi, ila huyo mwenye kukuonyesha atakutazama kwa huruma, maana anajua unakwenda kusemwa. Bi Barka hakuwa mtu wa kupunguza neno. Muuza samaki akimletea changu aliyelala, alimwambia mbele ya wateja wengine kwamba samaki huyo ana umri kumshinda yeye. Hata imamu aliipita mbali baraza yake, tangu siku alipoambiwa kwamba hotuba zake ni ndefu na wanawake wana vyungu motoni.

Si kwamba alikuwa na elimu ya kujivunia. Alisoma chuo cha Kurani kwao Chundwa, kisiwani Pate, akahitimu msahafu, na babake akamfunza kuandika Kiswahili kwa herufi zile zile za Kiarabu. Za kizungu alijua zile za jina lake tu, na hata hizo K ilimtoka kinyume. Lakini alipokuwa kijana, wanawake wa mtaa wake wenye kuweza kushika kalamu walikuwa mmoja, naye ndiye yeye. Hilo alilijua, akatembea nalo kichwa juu maisha yake yote.

Mumewe alipofariki, mwanawe Jeilani, fundi wa kuchonga milango, alimfuata Chundwa amlete kwake Wiyoni. Akamwambia achague vya kubeba, mashua ni ndogo. Bi Barka alibeba mto wake, na mfuko wa kitambaa cha kijani wa namna ile watu wanayotilia msahafu. Mfuko ukatundikwa msumarini juu ya kitanda chake, ukakaa miaka kumi na miwili. Swafiya, mke wa Jeilani, alidhani ni msahafu wa marehemu baba mkwe. Hakuuliza, na Bi Barka hakuwa mtu wa kujibu asichoulizwa. Kosa lilianzia hapo, na lilikuwa la wote wawili.

Mfukoni hamkuwa na msahafu.

Mwaka wa tisini na moja, Aaliya, nduguye Barka wa tumbo moja, aliambiwa na daktari kwamba mimba nyingine itamuua. Alikuwa na watoto saba. Akaenda zahanati moja ya upande ule, jina tuliache, kutaka sindano ya kuzuia mimba, ile ya miezi mitatu. Muuguzi akamwambia, lete barua ya mumeo. Mume yuko dago, kambi ya wavuvi huko Kiwayu, na kuandika hajui. Aaliya alikwenda mara tatu, akarudi mara tatu. Mume akaja nyumbani siku nne za Idi, akaondoka, na mimba ikabaki. Ilimuua mwezi wa nane, kama daktari alivyosema. Siku ya mazishi yule mume alishikwa na wanaume wanne asijitupe kaburini. "Wangeniuliza ningesema ndiyo," alikuwa akilia. "Hakuna aliyeniuliza!"

Barka hakulia. Alikwenda kwa Bi Fahima, shoga yake, aliyekuwa na nyumba ya ukumbi mpana, wakaanzisha darsa ya wanawake kila Jumanne baada ya alasiri. Waume wakafurahi, wake zao wanataka dini. Na dini walisoma kweli, nusu saa nzima, wasije wakamdanganya Mungu pia. Baada ya hapo mlango ulifungwa, na kila mmoja akasema alivyorudishwa kutoka zahanati. Mwenye mume Mombasa, mwenye mume Uarabuni, mwenye mume aliyepo lakini hazungumzi naye tangu mfungo uliopita.

Barka aliandika. Kila karatasi aliianza kwa Bismillahi juu kabisa, kwa herufi kubwa zilizopambwa, ili mwanamume akiiinua aone dini aiweke chini. Karatasi ya mwisho iliandikwa neno moja refu: kwamba mwanamke mwenye akili zake ajibiwe yeye mwenyewe juu ya tumbo lake, asidaiwe barua. Chini yake wakaweka vidole. Wino wa muhuri hawakuwa nao, wakatumia piko, ile nyeusi ya kuchorea maua ya harusi. Vidole tisini na vitatu, na kando ya kila kimoja jina la mwenyewe na la babake. Piko haitoki upesi. Wiki mbili Chundwa nzima ilikuwa na wanawake wa kidole gumba cheusi, na waume wakaulizana ni nani anayeoa bila kuwaalika.

Wanawake kumi na wawili walipanda mashua kwenda kumwona bwana mkubwa wa serikali. Akaigeuzageuza karatasi, akauliza, "Haya ni maandishi gani?" Barka akamjibu, "Ni Kiswahili, bwana. Wewe ndiye hukusoma." Walimwachia nakala, nayo ikapotelea huko huko. Haikuja barua, hakikuja kikao. Baada ya miezi minane akaja muuguzi mpya ambaye haulizi habari za mume, basi. Hakuna aliyewaambia wameshinda. Wasichana waliokuja baadaye walidhani mambo yamekuwa hivyo tangu dunia iumbwe.

Karatasi za asili ndizo zilizokuwa ndani ya mfuko wa kijani.

Mwaka huu, mwishoni mwa mwezi wa Rajabu, simu ya Jeilani ililia. Alikuwa binti kutoka Nairobi, jina lake Roselyn, kazi yake kukusanya makaratasi na vitu vya wanawake waliopigania mambo ya uzazi, viwekwe katika nyumba maalumu visipotee. Habari za Chundwa alizipata kwa muuguzi aliyestaafu.

"Mama, hizo karatasi ziko bado?"

"Ziko. Nazilalia."

"Tafadhali zisiende mahali popote."

"Mwanangu, mimi mwenyewe sijapelekwa mahali popote."

Roselyn akacheka, akamwambia kwamba kila karatasi itapigwa picha, na majina yataandikwa ukutani, yote tisini na matatu, kila mtu apitaye ayasome. Bi Barka alimrudishia Jeilani simu bila kumweleza yaliyosemwa, akakaa mpaka magharibi bila kumsema mtu, jambo ambalo lilimtia Swafiya wasiwasi akamwekea maji ya ndimu. Walikuwa wamebaki wachache, hao wanawake. Wengine walizikwa bila hata picha. Bi Barka aliwaona ukutani, mmoja baada ya mmoja, na babake kando yake.

Ila yeye mwenyewe macho yalikuwa na ukungu. Akamwambia Roselyn aje baada ya wiki tatu, atengenezwe macho kwanza, aweze kumsomea. Akaenda mjini Lamu, akatengenezwa, akakaa siku kumi kwa jamaa zake kwa kuogopa vumbi la Wiyoni. Alipokuwa huko, Shaabani ikafika katikati, na Swafiya akaanza kusafisha nyumba kwa ajili ya mfungo, kama kila mwanamke mwenye haya zake.

Siku aliyorudi, Bi Barka aliingia chumbani na macho yake mapya akaona kila kitu: ufa wa dari, doa la mto, na msumari mtupu.

"Swafiya! Mfuko u wapi?"

Swafiya alikuja akifuta mikono, uso umejaa furaha ya mtu aliyetenda jema. "Nimeushughulikia, mama. Mchwa walikuwa washaingia. Nilipoushusha ulinimwagikia unga. Ndani hamna msahafu, ni karatasi mbovu mbovu, lakini nikaona Bismillahi kila moja, nikasema hizi haziwezi kukaa hivi, ni dhambi juu yetu. Nikazipeleka kwa Mwalimu Dawud."

Bi Barka aliketi kitandani. "Ukazisoma?"

"Mimi maandishi ya zamani yale siyawezi, mama. Na zile herufi zilivyokaa… nilidhani ni dua."

"Ulidhani."

"Nimekosa?"

Bi Barka alivaa buibui akatoka.

Mwalimu Dawud alikuwa na chuo cha watoto nyuma ya msikiti. Kila mwaka kabla ya mfungo, watu walimletea misahafu iliyochakaa na juzuu zilizochanika, maana karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jaani iliwe na mbuzi. Yeye huzikunja pamoja kwa kitambaa cheupe, huzifunga na jiwe, akatoka na mashua hadi penye mkondo wa kina, akazitosa. Ni kazi ya thawabu, na huifanya vizuri.

"Umeshatosa?" Bi Barka alimuuliza, hata salamu hakutoa.

"Juzi, Bi Barka. Asubuhi, kwa udhu."

"Na mfuko wa kijani?"

"Ulikuwemo. Nikaufunga peke yake, kwa heshima yako."

"Hukuufunua?"

"Kitu cha kuzikwa hakifunuliwi."

"Hukusoma hata mstari mmoja, Dawud?"

"Nilisoma Bismillahi. Ikanitosha."

Watoto walikuwa wameacha kusoma, wanasikiliza. "Waume wa Chundwa wote," Bi Barka alisema, "wenye wivu na wasio na wivu, miaka thalathini na mitatu hawakuugusa. Mkaja nyinyi, watu wema, mkaumaliza asubuhi moja."

"Kulikuwa na nini, Bi Barka?"

"Watu."

Mwalimu hakufahamu, naye hakumfahamisha. Njiani kurudi alikumbuka ni nani aliyeutafuta mfuko ule, ni nani aliyesema ziwe na Bismillahi, ni nani aliyezipamba zile herufi. Waliificha siri yao wakaificha sana, mpaka ikafichika kwa wao wenyewe.

Lakini kushindwa hakukujua. Asubuhi ya pili alimwamuru Jeilani ampeleke Chundwa. Alikuwa amefanya hesabu yake: yeye yu hai, Fahima yu hai, wakikaa pamoja watayarudisha majina. Roselyn alikuwa aje baada ya siku tano.

Chundwa ilimkosesha njia. Kichwani mwake wanawake wale walikuwa wamekaa kwa nyumba: unaanzia kisimani, mkono wa kushoto kwa Fairuz binti Abdulhalim, mlango unaofuata mama na mkwewe, halafu uwanja wenye mkwaju, halafu wale ndugu watatu. Sasa kisima kimefunikwa kwa saruji, uwanja umejengwa nyumba za matofali zenye rangi ya pinki, na mlango aliokuwa akiujua umekuwa duka la simu. Alisimama pale akizungusha kichwa. Kila nyumba mpya aliyoitazama ilimfutia ile ya zamani iliyokuwa chini yake.

Alimkuta Bi Fahima amekaa ukumbini, ule ule wa darsa, amenenepa, miguu haimbebi tena. Mwanawe amekuwa sheikh wa kusikilizwa kisiwa kizima. Wakakumbatiana, wakaulizana habari za wazima na wafu, kahawa ikaletwa. Mkwewe Fahima alikuwa pembeni akichagua mchele.

"Fahima," akaanza Bi Barka, "wakumbuka darsa yetu."

"Siku njema zile. Tulisoma sana."

"Na baada ya kusoma?"

"Tulikunywa chai."

"Na sindano?"

"Sindano gani?" Fahima alisema, na sauti yake haikutikisika hata kidogo. "Barka, mato yamepona, kichwa nacho? Ilikuwa darsa."

Mkwe aliinuka na ungo akatoka nje kupeta. Hapo Fahima akamvuta mwenzake mkono.

"Zile karatasi ziko wapi?"

"Zimezama. Zimetoswa baharini."

Fahima alifumba macho. "Alhamdulillahi," alisema. "Miaka yote hii nimekuwa nikizihofu. Nikisikia simu ya usiku nasema ndizo zimeonekana. Mwanangu asimama mimbarini, Barka. Watu wa leo si kama wa jana. Watasema mamake ndiye aliyefunza wanawake kuzuia watoto."

"Majina yatakiwa Nairobi, na wewe ndiye wa kwanza kuweka kidole! Ulisema Aaliya ametuosha macho."

"Nilikuwa na miaka arubaini. Sasa nasubiri kuoshwa mwili." Akamwachia mkono. "Ina langu litoe. Ukienda kusema, sema, mdomo ni wako. Jina langu litoe."

Bi Barka alikuwa na maneno ya kumwambia, na aliyajua makali yake. Lakini neno walilotia vidole lilikuwa kwamba mwanamke ajibiwe yeye mwenyewe, asisemewe. Akajifunga buibui. "Limetoka," alisema. Hakumaliza kahawa.

Roselyn alifika Alhamisi, msichana mwembamba mwenye begi mgongoni, na glovu nyeupe za kushikia karatasi kuukuu. Akasalimia kwa furaha, "Shikamoo, nyanya!"

"Nyanya ni za mchuzi. Mimi ni Bi Barka."

Alipoambiwa yaliyotokea, Roselyn alizivua glovu polepole, kidole kimoja kimoja. Hakulaumu. Akatoa kinasa sauti, akasema tutafanya kwa mdomo, Bi Barka, sauti yako nayo ni kumbukumbu. Taja unaowakumbuka.

Bi Barka alikaa wima. Alifumba macho, akaanzia kisimani.

"Fairuz binti Abdulhalim. Barka binti Idris, ndiye mimi. Mwana Esha binti Shee. Zuhura binti Bakari, na mkwewe, Mwana Kombo binti Lali…"

Aliyataja kwa mdundo, kama mtu anayeshuka ngazi anayoijua, akimruka Fahima. Kumi. Kumi na tano. Roselyn alikuwa akitia alama kwenye daftari. Swafiya aliingia na sinia ya chai na mahamri, akiwa ananyata, maana tangu siku ile ya mfuko alikuwa hajasemeshwa.

"…Tima binti Hussam…"

Sinia ilitua mezani kwa kishindo. "Mamangu?"

Bi Barka alifumbua macho.

"Mamangu alikuwamo?" Swafiya aliuliza. "Mama, mamangu mimi?"

"Alikuwamo. Alikutia kwapani, wanyonya. Alipokwisha kuweka kidole alikufuta mate kwa mkono ule ule, ukarudi nyumbani na shavu jeusi."

"Kidole chake kilikuwa kwenye zile…"

"Kilikuwa."

Tima alikufa Swafiya akiwa na miaka sita. Picha yake haikuwapo. Swafiya alikaa chini sakafuni, akautazama mkono wake wa kulia, ule aliouchukulia mfuko. Bi Barka alitaka kusema "si kosa lako." Neno lilikuja mpaka mdomoni, likashindwa kutoka, kwa sababu hakuwa mwongo, na kwa sababu kosa lilikuwa lao wote. Akaendelea kutaja.

Thelathini. Thelathini na tano. Akafika kwenye uwanja wa mkwaju, na badala ya mkwaju akaona ile nyumba ya pinki. Akarudi nyuma, akaizunguka. Arubaini. Arubaini na moja.

"Salma binti…" alisema.

"Salma binti nani?" Roselyn aliuliza kwa upole.

"Binti Ali. Hapana. Kulikuwa na Salma? Au huyo Salma ni wa hapa Wiyoni, muuza mabuyu?"

"Tunaweza kumweka, na alama ya kuuliza."

"Mwanamke hawekwi na alama ya kuuliza."

Wakangoja. Nje mtu alikuwa akimfukuza punda kwa matusi. Bi Barka alijaribu kupitia msikitini, akajaribu kupitia njia ya mashambani, akajaribu hata kuwakumbuka kwa sauti zao, nani aliyekuwa akicheka, nani aliyekuwa akikohoa. Nyuso zilikuja nyingi, bila majina. Majina yalikuja machache, na hakujua kama ni ya ukumbi ule au ya harusi fulani, au ya msiba.

"Arubaini na moja ni mengi sana, Bi Barka," Roselyn alisema mwishowe. "Wallahi ni mengi. Hapo chini tutaandika 'na wengineo'. Watu wataelewa."

"Nani?"

"Na wengineo."

"Nakuuliza, huyo Wengineo ni nani? Ni binti wa nani? Alirudishwa zahanati mara ngapi?"

Roselyn aliinamisha kichwa.

"Tulidaiwa barua kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa mke wa fulani," Bi Barka akasema. "Tukaweka majina ili tuwe watu. Leo unirudishie wanawake hamsini bila jina, uwapachike ukutani kwa neno moja? Yote au usiandike."

"Nikiandika yote siwezi. Nisipoandika, hata hawa arubaini na mmoja wanapotea."

"Hilo nalijua."

"Na Tima pia," Roselyn akasema, akamtazama Swafiya.

Bi Barka naye alimtazama mkwewe pale sakafuni. Alitafuna midomo. Kisha akatikisa kichwa, hapana, na ile hapana ilimuuma yeye kuliko wengine wote, lakini hakuirudisha. Roselyn alizima kinasa sauti. Akasema atapiga simu baada ya mwezi, huenda mengine yatarudi. Mashua ya mwisho ilikuwa karibu kuondoka. Akaaga, akaacha chai yake nusu.

Swafiya aliondoa vikombe. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Mama. Yataje tena. Nitahesabu mimi."

Bi Barka alifumba macho akaanzia kisimani. Alikwenda polepole mara hii, akisimama kila mlango. Swafiya alihesabu kwa vidole. Bi Barka alipofika mwisho hesabu ilikuwa thelathini na nane, na Tima alitajwa mara mbili.